Je, ni Lazima Nimwambie Mnunuzi Kwamba Rubi Imejazwa Kioo?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nauza vito. Rubi nyingi ninazopokea nyufa zake zimejazwa kioo. Wanunuzi hawaulizi, nami sisemi, namwambia mtu, "Nakuuzia kama unavyoiona." Wenzangu wanasema ndiyo desturi ya biashara, kwani hata safaya nyingi hupashwa moto ili rangi ipendeze. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Allah akulipe kheri kwa kuuliza kabla hujaulizwa.

Ndiyo, ni wajibu umwambie. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta majimaji. Mwenyewe akasema limenyeshewa. Akamwuliza: mbona hukuyaweka juu watu wakayaona? Kisha akasema: "Mwenye kughushi si katika mimi" (Muslim). Angalia, ndugu yangu: yule mtu hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba penye maji palikuwa chini na pakavu juu.

Rubi yako ndiyo rundo lile. Igeuzegeuze kwenye taa chini ya lenzi inayokuza mara 10, utaona viputo vya hewa ndani ya kioo na mmeto wa buluu ukipita kwenye nyufa. Wewe unaviona, mwenzako havioni. Kioo hicho chenye madini ya risasi huliwa hata na maji ya limau, na sonara akiwasha moto kurekebisha pete kinaharibika. Tena sehemu ya uzito aliolipia mnunuzi ni kioo, si rubi!

Kupasha moto peke yake ni jambo jepesi zaidi, maana rangi inayopatikana kwa kawaida hudumu. Hata hivyo litaje, kwa kuwa safaya nzuri isiyopashwa huuzwa ghali zaidi. Zumaridi iliyotiwa mafuta nayo itaje, mafuta hukauka na nyufa zikajitokeza. Desturi ya wauzaji huwa hoja pale tu mnunuzi naye anapoijua.

Ama hilo la "kama unavyoiona", halikuokoi. Imam Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha Hadithi, kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi asiyotajiwa. Khalifa Uthman (r.a.) akahukumu Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua maradhi yoyote. Akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa wake. Jiulize: wewe ungeweza kuapa?

Uliowauzia na unawajua, watafute, waeleze, uwape khiyari ya kurudisha jiwe na kupewa fedha zao au kubaki nalo mkikubaliana punguzo. Usiowapata, ile ziada uliyochukua itolee sadaka kwa niaba yao. Na jiwe usilolijua, sema hulijui, au lipeleke maabara ya vito kabla ya kulitia bei.

Wallahu a'lam.