Usitume pesa za kiti cha umeme, mlipe kwanza kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo (jibu kwa mdogo wangu wa Essence, Bukavu)

Usitume hizo pesa. Kama hujatuma bado, simama hapo hapo, soma hili kwanza.

Umesema yaya yako, yaani ndugu yako mkubwa, alishikwa na Guillain-Barré, ugonjwa wa neva ulionishika hata mimi, ametoka hospitali wiki tatu sasa, miguu haijamshika, mikono inaanza kubeba kikombe. Mna dola 2,000 mkononi, mnatafuta 4,000 nyingine za kiti cha magurudumu cha umeme kutoka Ulaya "ili ajitegemee tena". Unauliza mchango mfungue kwenye mtandao gani, barua iandikwe Kifaransa au Kiingereza, picha yake ya kitandani iwekwe au hapana, na kiti kipitie Kigali au Bujumbura. Nimelisoma swali lako mara tatu. Barua hiyo niliiandika mimi mwaka 2019, hapa hapa Bukavu, na hayo maneno ya kujitegemea tena yalikuwemo.

Mimi ni fundi wa kushona, Kadutu. Oktoba 2018 nilihara wiki moja, nikapona, nikarudi kwenye mashine. Siku kumi baadaye nyayo zikafa ganzi. Siku ya tatu nikashindwa kupanda ngazi za nyumbani, siku ya sita mwanangu ananilisha kwa kijiko. Hospitali, daktari alikuwa anapita asubuhi na jioni, ananiambia nihesabu kwa pumzi moja. Nilianza na 24, nikashuka 19, nikashuka 13. Ikishuka tena, alisema, tutatafuta mashine ya kupumulia. Ikasimama kwenye 13. Mpaka leo mtoto akihesabu kwa sauti karibu yangu, ninanyamaza.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyenikalisha akanieleza, na wewe umweleze yaya leo. Kinga ya mwili ikitoka kupigana na mikrobu, mara nyingi ya tumbo au ya kifua, inakosea njia na kuzishambulia neva zenyewe. Inazichuna ganda, kama panya anayetafuna waya wa umeme, na pengine inakata hata waya wa ndani. Udhaifu unapanda wiki mbili hadi nne, unatulia, kisha unaanza kushuka. Madaktari Guillain, Barré na Strohl walipouandika ugonjwa huu mwaka 1916, walikuwa wanaeleza habari za wanajeshi wawili wa Ufaransa walioishiwa nguvu, na wale wanajeshi walipata nafuu. Yaani tangu maandishi yale ya kwanza, huu ni ugonjwa ambao wengi wanainuka. Ila wanainuka polepole. Ganda la neva hurudi kwa wiki na miezi. Waya wa ndani ukikatika, huota kama milimita 1 kwa siku. Chukua futi ya fundi, umpime yaya kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu: ni karibu mita 1. Hizo ni milimita 1,000. Hesabu siku.

Neva inakwenda milimita 1 kwa siku, na sisi tunakusanya pesa za mwaka mzima tuzimalize asubuhi moja. Kosa langu lote liko hapo.

Nilipotoka hospitali Desemba 2018 nilikuwa na kine mzuri. Kijana mpole, anakuja nyumbani mara tatu kwa wiki, dola 5 kila anapokuja. Ananinyoosha miguu, ananikalisha ukingoni mwa kitanda, ananifundisha kujigeuza. Dola 60 kwa mwezi. Binamu yangu wa Brussels akanikutanisha kwa simu na bwana mmoja, Mkongo mwenzetu, anayejiita mshauri wa michango. Sauti tamu. Akaniambia: "Mama, wazungu hawachangii mazoezi. Mazoezi hayaonekani kwenye picha. Watachangia kitu. Omba kiti cha umeme." Kisha akaongeza lile neno lililonimaliza: kila dola itakayoingia ni ya kiti, isiguswe kwa kazi nyingine, mchangiaji asije akauliza.

Nikatii. Akiba yangu ndogo nikaitumbukiza humo humo ili lengo litimie haraka. Februari 2019 nikamwambia kine asije tena. Nilimwambia, "Nitakuita kiti kikifika."

Soma tena sentensi hiyo, mdogo wangu. Hiyo ndiyo iliyoninyang'anya miaka, nami niliisema kwa heshima, huku nikimpa mkono.

Pesa zilikuja, siwezi kukataa. Watu wana roho nzuri. Parokia moja ya Ubelgiji, kwaya, wajomba, wateja niliowashonea nguo za harusi, hata mama anayeuza makaa chini ya ngazi zetu alitoa franga 5,000. Kwa miezi mitano tukafika dola 5,400. Kiti kikachukua 3,100. Kusafirisha 900. Forodha, ghala na makaratasi 780, baada ya kuhakikishiwa kwamba kitu cha mgonjwa hakilipiwi chochote. Bwana mshauri asilimia zake 10, yaani 540. Nikabaki na dola 80. Piga hesabu mwenyewe: dola 5,320, kwa kine wa dola 60 kwa mwezi, ni zaidi ya miaka 7.

Kiti kilifika Septemba 2019. Kizuri sana, cheusi, kinang'aa. Na betri zake kilikuwa kinapita kilo 60. Wewe unakaa Essence, unazijua njia za kwetu juu: ngazi za Kadutu hata mbuzi hupumzika katikati. Vijana wanne walikibeba hadi mlangoni, na siku niliyotaka kushuka nacho walihitajika tena wanne, pamoja na mmoja wa kunibeba mimi mgongoni. Nyumba yenyewe ina kizingiti cha sentimita 20. Umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane saa mbili tatu, unaondoka. Kile kiti kinataka usiku mzima. Betri za namna ile zikikaa bila chaji zinakufa. Februari 2020 zilikuwa zimekufa, na nilikuwa nimetembea nacho kwenye lami ya Nyawera mara mbili tu.

Kiti ningekisamehe. Ngoja nikwambie kilichotokea Novemba ile, miezi tisa baada ya kumfukuza kine. Asubuhi moja kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na maji akidhani moto umewaka. Neva zilikuwa zimefika! Nikasema leo nasimama. Wanangu wakanishika huku na huku, nikasimama, na visigino havikugusa sakafu. Vilibaki hewani, miguu imechongoka kama ya mtu anayechungulia juu ya ukuta. Nikaanguka kwa mbele.

Kano za nyuma ya visigino zilikuwa zimefupika. Mguu usiotembea ukiachwa hivi hivi, wayo unalala chini kwa uzito wake, blanketi nalo linaukandamiza, na kano inazoea ufupi huo. Nguvu ilirudi ikakuta mlango umefungwa. Ilibidi nifungwe plasta miguu yote miwili, kila wiki inafunguliwa, wayo unavutwa kidogo, inafungwa tena. Wiki 9. Nimezaa watoto watatu, lakini maumivu yale ni mengine. Na yote yangezuiwa na kijana wa dola 5 na mikono yake.

Yule bwana nilimtumia picha za visigino. Alinijibu kwamba kampeni ilifanikiwa, lengo lilifikiwa. Lengo! Alipima hela zikiingia, hakupima kama mimi ninaweza kufika chooni. Na ninavyosikia, watu wa aina yake bado wanazunguka kwenye vikundi vya diaspora, wanaambia familia zilizochanganyikiwa kwamba mazoezi "hayauziki". Kama na nyinyi yupo aliyewashauri hivyo, naye ameomba asilimia yake mapema, mkatalie leo hii, hata kama ni mtu wa kwenu, hata kama anasali na nyinyi.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine usahau: changia miezi, usichangie kitu.

Mimi nilianza upya Machi 2020 na mama wa shirika letu la parokia. Tulikuwa tunajua likelemba, ule mchango wa kupokezana, tukaigeuza kidogo: watu 40, kila mmoja dola 2 kwa mwezi au thamani yake kwa franga, dola 80 jumla. Sitini za kine, ishirini za usafiri na dawa ya maumivu. Mama mmoja anashika daftari, kine anatia sahihi kila anapokuja, na mwisho wa mwezi daftari linasomwa mbele ya wote: mwezi huu amekaa bila kushikwa, mwezi huu amesimama dakika 2. Watu hawakuchoka kutoa, kwa sababu kila mwezi walikuwa na habari ya kusikia. Huyo bwana aliyesema mazoezi hayaonekani hakuwahi kukaa kwenye shirika la kina mama wa Kadutu. Binamu wa Brussels naye akawa anatuma 30 kila mwezi, na hizo ndizo zilizonunua ateli za kushika nyayo zisianguke.

Mwezi wa nne wa mchango huo kuna mzee wa sokoni aliyeniletea kipini cha kuzungusha kwa mkono, akakifunga kwenye gurudumu la cherehani yangu. Dola 15. Miguu yangu ilikuwa haiwezi kukanyaga, mkono ulikuwa unaweza kuzungusha. Nikaanza na mapindo ya suruali, nikaenda kwenye inifomu za shule. Mwezi wa tisa wa mchango nilimwambia mama wa daftari apunguze dola 10 kwenye zile za kine, nazilipa mwenyewe. Nililia siku hiyo kuliko siku ya kidole. Sasa yaya yako ni mwalimu: kipini chake ni kipi? Pengine ni meza ya kimo chake na wanafunzi watano wa jioni pale nyumbani. Liweke hilo kwenye bajeti kabla ya kitu chochote chenye betri.

Mchango huo wa kila mwezi ulidumu miezi 26. Leo natembea na ateli na fimbo moja, ngazi zote, polepole.

Simaanishi akose cha kukalia. Atahitaji kiti, ila kiwe cha kusukumwa kwa mkono, chepesi, gurudumu la mbele likae mbali ili kisipinduke kwenye mawe, kiwe na mto mzuri maana ngozi iliyokufa ganzi inapata vidonda bila yeye kujua, na kiwe kinatengenezeka na fundi wa baiskeli wa mtaani. Pita Heri Kwetu, kile kituo cha walemavu hapa Bukavu, uulize kabla ya kuagiza chochote nje. Huko mtandaoni, mitandao mikubwa kama GoFundMe haipeleki pesa kwenye benki ya Kongo, lazima ndugu aliye Ubelgiji au Kanada afungue kwa jina lake. Na benki za mjini zilipofunga Februari 2025 uliona mwenyewe pesa ilivyopatikana kwa shida. Mwombe huyo ndugu atume kidogo kidogo kila mwezi. Akikwambia wachangiaji wanataka kitu, mwambie aandike hivi: "Dola 60 zinamlipia mwalimu mwezi 1 wa kusimama." Hilo watu wanalielewa.

Zile 2,000 mlizonazo zinatosha kine kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Hamna upungufu wa pesa, mdogo wangu. Mna pesa tayari.

Jioni hii mlaze chali, goti limenyooka. Shika kisigino chake ndani ya kiganja chako, wayo ulale juu ya mkono wako, uusukume taratibu kuelekea kwenye ugoko, ushikilie hapo kwa muda wa pumzi kama kumi, uachie. Usilazimishe kwa nguvu. Fanya hivyo asubuhi na jioni, miguu yote miwili, na usiku weka boksi chini ya blanketi lisimkandamize vidole. Kisha rudi hapa uniambie: wayo unafika kusimama wima, au unakwamia njiani? Na kine wake, bado anakuja?