Mgeni wodi ya moyo ya watoto: anza na njia ya damu, si tarehe

Usianze kwa kukariri miaka. Chora moyo kwenye karatasi, onyesha damu inapita wapi na inakwama wapi. Ukishaweza hilo, utaelewa kwa nini kila operesheni ilikuja ilipokuja.

Mwaka 1938, mjini Boston, Robert Gross daktari wa upasuaji, alifunga duktasi ya msichana wa miaka 7. Huo ni mrija kati ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini) na ateri ya mapafu, ambao kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Ukibaki wazi, mapafu hupokea damu nyingi mno.

Daktari wa watoto Helen Taussig wa Baltimore aliona upande wa pili. Watoto wenye tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa, ambao njia yao ya kwenda mapafuni imebana, walizidi kuwa wa buluu duktasi ilipojifunga. Kwao mrija uleule ni uhai. Basi kwa nini wasitengenezewe mwingine? Fundi wa maabara Vivien Thomas akaijaribu njia hiyo kwa mbwa. Tarehe 29 Novemba 1944 daktari wa upasuaji Alfred Blalock aliunganisha ateri ya subklavia (inayopeleka damu mkononi) na ateri ya mapafu ya mtoto wa miezi 15, huku Thomas amesimama nyuma yake akimwelekeza. Jina la Thomas liliachwa nje kwa miaka mingi. Ukiisimulia operesheni hii, litaje.

Shanti hiyo, yaani njia ya pembeni ya damu, bado utaikuta, siku hizi ikiwa mrija wa plastiki, mara nyingi wa milimita 3.5 kwa kichanga. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: oksijeni ya damu ikipanda hadi asilimia 95 wanafurahi. Tunatafuta 75 hadi 85. Ikizidi hapo, huenda damu inafurika mapafuni. Presha ya diastoli (ile ya chini, moyo unapopumzika) hushuka na misuli ya moyo yenyewe hukosa damu. Oksijeni ikishuka ghafla, weka stetoskopu: kama mvumo wa shanti umetoweka, mrija huenda umeziba kwa damu iliyoganda. Usisubiri kipimo kingine, mwite daktari wa upasuaji papo hapo.

Kuziba tundu ndani ya moyo kulihitaji kwanza kitu cha kusukuma damu badala yake. Mwaka 1954 daktari wa upasuaji Walton Lillehei, Minnesota, alimuunganisha mtoto na mzazi wake, moyo wa mzazi ukafanya kazi ya wote wawili. Kati ya watoto 45, 28 walinusurika. Lakini nyuzi za kushonea tundu zikipita karibu na njia ya umeme wa moyo, mapigo hukatika au hupungua mno. Tatizo hilo ndilo lililomfanya mhandisi Earl Bakken atengeneze, mwaka 1957, kisaidia mapigo kidogo cha betri. Zile nyaya nyembamba zinazotoka kifuani mwa mtoto baada ya upasuaji ni za kazi hiyohiyo. Zibandike vizuri kwenye ngozi, funika ncha zake, na usiruhusu zivutwe unapombadilisha nepi.