Chora storibodi kwanza, After Effects baadaye

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini tangazo lako la sekunde 15 hukwama katikati kila ukifungua After Effects, programu ya kuipa michoro mwendo (kuhuisha). Naona unahuisha kabla hujaamua hadithi. Chora storibodi, yaani michoro ya matukio ya tangazo kwa mfuatano, kwa penseli, hata watu wa vijiti wanatosha, na chini ya kila kisanduku andika sekunde na sauti. Kisha panga michoro hiyo kwenye video pamoja na sauti, uitazame. Panapochosha utapaona hapo hapo, kabla hujakesha bure.

Kuhusu mwendo mkavu, unaoanza na kusimama ghafla: ndani ya After Effects chagua alama za mwanzo na mwisho wa mwendo (keyframe), bonyeza F9, kitu kitaanza taratibu na kutulia taratibu. Usiishie hapo; fungua grafu ya mwendo uvute mstari wake mwenyewe, maana F9 tupu hufanya kila kitu kifanane. Maandishi yaache kwenye skrini muda wa kutosha kuyasoma mara mbili kwa sauti.