Homa Hailazwi

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa kutoka Manchester niliupata Jumamosi, nikausoma mara mbili, halafu nikamsomea baba yako akiwa kwenye chai. Unauliza hivi: kwa wiki mbili za Desemba, siku kumi hapa Pangani na siku nne Nungwi kule Unguja, kweli ni lazima wewe, mume wako na watoto mmeze vidonge vya kuzuia malaria, au chandarua na dawa ya kupaka vinatosha? Unasema mume wako anaona ni kutupa pesa, maana Unguja malaria imekwisha na nyinyi wawili mmezaliwa huku huku.

Baba yako akasema, "Mjibu ndiyo au hapana, mama." Nimeshika kalamu siku tatu, na hiyo ndiyo au hapana haijatoka.

Nianze na hilo la Unguja, kwa sababu lina ukweli wake. Wenzetu wamefanya kazi kubwa. Wamepuliza dawa majumbani, wamegawa vyandarua, wakaanza kutumia dawa mseto tangu 2003 sisi wa bara tukiwa bado hatujaanza. Kwa miaka mingi ukipima watu mia kule hupati hata mmoja mwenye vimelea. Lakini kupungua si kwisha, na miaka hii ya karibuni wagonjwa wamepanda tena. Boti itakayowavusha kutoka ufukwe wetu wa Ushongo kwenda Nungwi huvusha na watu wengine, na hakuna anayeulizwa damu yake ina nini. Halafu Pangani, mwanangu, iko bara. Huku bara, ukichukua watoto mia walio chini ya miaka mitano ukawapima, wanane hivi watakutwa na vimelea. Mimi hiyo namba naiona kubwa.

Kuna kitu kingine ambacho naona hamjakiwaza. Mnasema mnakuja likizo ya ufukweni. Mtalii wa Ushongo jua likizama anaoga, anavaa suruali ndefu, anakula, saa tatu yuko ndani ya chandarua na feni inazunguka. Wewe je? Wewe utakuwa barazani kwa shangazi yako mpaka saa sita za usiku, miguu wazi, watoto wamelala kwenye mkeka wakisubiri mmalize kusimuliana. Na mbu wa malaria huanza kazi giza likiingia, akazidi usiku wa manane, akaacha alfajiri. Desemba mvua za vuli zinakuwa hazijakauka. Kwa hiyo usijipimie kwa mtalii. Likizo yenu ni ya ndugu, na ya ndugu ndiyo yenye mbu.

Sasa hilo la "tumezaliwa huku." Hapo ndipo kalamu iliponigomea.

Maneno hayo niliyasikia kwa kaka yako, mwezi wa tano 2006, wiki ya harusi yako. Alikuwa amekaa Leeds miaka sita. Nilipomwuliza kama amemeza dawa ya malaria alicheka, akanishika bega, akasema, "Mama, mimi mtoto wa Pangani." Nami nilifurahi. Nakwambia kweli, nilifurahi mno. Nilikuwa naogopa Uingereza imemchukua, kumbe mwanangu bado wa kwetu. Sikuuliza tena.

Unakumbuka nyumba ilivyojaa. Wazee walipewa vyumba na vyandarua, akina mama walijipanga sebuleni, na vijana wakatandika mikeka chini ya mwembe. Masika ilikuwa imemwaga vizuri mwaka ule, madimbwi mpaka nyuma ya choo. Kaka yako alilala pale nje usiku tatu mfululizo, kifua wazi. Asubuhi nilimwona mgongo umejaa vipele, nikampaka mafuta ya nazi.

Kinga ya malaria si kama ya surua, ambayo ukiugua mara moja umemaliza. Hii mwili unaijenga kwa kuumwa na kuumwa tena, na ukiondoka ukakaa miaka michache bila kuumwa, inakutoka. Damu ya kaka yako ilikuwa imeshasahau. Damu ya wajukuu zangu haijawahi kujua.

Alirudi zake, na wewe ulikuwa Lushoto kwenye fungate. Haya ninayokwambia sasa ulipewa nusu tu: kwamba aliugua kidogo, akapona.

Siku ya tisa tangu aondoke akapiga simu. Ilikuwa jioni, nakuna nazi, nikaibana simu kwa bega ili mikono isiache kazi. Akasema ana homa tangu jana, kichwa kinapasuka, viungo vinauma. Alikuwa amepiga zahanati ya kule, wakamwambia ni mafua, anywe maji apumzike. Hakuna aliyemwuliza ametoka nchi gani, naye hakusema. Akiwa anaongea nikasikia meno yake yanagongana. Ta-ta-ta-ta, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kifuu. Nikamwambia, "Hiyo ni hali ya hewa ya huko. Chemsha tangawizi, tia limau, ujifunike vizuri. Kesho tutaongea." Nikaendelea kukuna nazi.

Mimi, mwanangu. Mimi mtoto wa Muheza.

Unajua habari ya mdogo wangu, yule ambaye bibi yenu hakutaka atajwe. Masika ya 1967, homa ilimpanda jioni, usiku macho yakageuka, akaanza kukakamaa. Degedege. Wazee wakasema mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi, afukizwe kwanza, kukicha ndiyo ionekane. Kulipokucha hapakuwa na la kuona. Babu yako alitoka mazikoni akakaa kwenye kizingiti, akasema neno moja ambalo sote tumelelewa nalo: homa hailazwi. Nyinyi wenyewe ni mashahidi. Ni mara ngapi nilikubeba mgongoni saa nane za usiku, na tochi isiyo na betri nzuri, kwenda kumgongea mganga wa zahanati mlango, watu wakisema mama huyu ana wasiwasi? Homa hailazwi. Nimewafundisha majirani. Nimegombana na mawifi kwa ajili yake.

Na siku mwanangu aliponipigia meno yakigongana, nikailaza.

Kesho yake nikapiga, haikupokelewa. Nikasema yuko kazini. Siku ya tatu kijana aliyekuwa amepanga naye alivunja mlango wa chumba, akamkuta anaongea Kibondei na bibi yenu, aliyefariki yeye akiwa na miaka saba. Hospitali ndiyo waliouliza: huyu ametoka wapi? Wakapima damu, vimelea vimejaa, figo zimeanza kusimama. Wakamtundikia dripu ya kwinini. Alikaa siku kumi na mbili, na alipoweza kuongea nami alikuwa akisema, "Mama paza sauti," kwa jinsi kwinini ilivyomvumisha masikio.

Huwa najitetea. Ningejuaje? Alikuwa mbali, alishaongea na wataalamu, mtu akiwa Ulaya akisema homa unawaza mafua. Halafu najijibu mwenyewe: meno uliyasikia. Mgongo wenye vipele uliupaka mafuta kwa mkono wako. Najitetea tena: hata ungemwambia nenda, angekwenda? Hapo sina jibu, na sijawahi kumwuliza. Naye hajawahi kulitaja. Ila kila akija nyumbani tangu mwaka ule, asubuhi anakaa mezani mbele yangu, anatoa kidonge, anakimeza na chai ya maziwa, ananitazama, anaendelea na andazi lake.

Basi, vidonge. Nimemwuliza daktari mstaafu jirani yetu, nami nakuandikia alivyonieleza. Ile Malarone inaanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, kila siku kimoja mkiwa huku, na siku saba baada ya kurudi. Kwa wiki mbili zenu, mtu mzima anafika vidonge 23. Watoto wana vyao vidogo, vinapimwa kwa uzito, kwa hiyo msikadirie kwa umri. Doksi, yaani doxycycline, ni ya bei nafuu, lakini unaendelea nayo wiki nne baada ya kurudi, ngozi inaungua upesi juani, na watoto wadogo kama wenu hawapewi. Ile ya mara moja kwa wiki, Lariam, inatakiwa ianzwe mapema zaidi na kuna watu inawavuruga akili na usingizi. Shangazi yako atakwambia mje mmeze klorokwini kama zamani. Msimsikilize kwa hilo tu. Serikali iliiacha tangu 2001, vimelea vilishaizoea.

Ni kweli vinakula pesa, tena kwa watu wanne. Ni kweli vinaweza kumchafua mtoto tumbo, na yule mjukuu wangu mdogo kumezeshwa kitu ni vita. Ni kweli pia kwamba mtu anaweza kuja mara tano asimeze na asiumwe, nawajua. Na hakuna kidonge kinachozuia asilimia mia. Upande wa pili, namjua mmoja ambaye... lakini nimeshasema.

Hapa ndipo baba yako anaponitazama anangoja niseme. Na ulimi unaniwasha, sikufichi. Nikiandika neno moja tu litamaliza ubishi wenu, najua, kwa sababu mume wako ananiheshimu kuliko anavyopaswa. Lakini mara ya mwisho nilipotoa uamuzi wa homa kwa mtu aliye mbali nilisema tangawizi. Nendeni wote wawili kwa daktari wa safari huko Manchester, na watoto, wiki sita kabla. Mwambieni mnalala wapi hasa. Msimwambie hoteli ya ufukweni, mwambieni na barazani kwa shangazi. Atakalosema ndilo.

Upande wangu nimeshaanza. Nimenunua vyandarua vinne vyenye dawa, virefu, vya kuchomeka chini ya godoro pande zote, maana kile kinachoning'inia tu ni pambo. Fundi amebadilisha wavu wa dirisha la chumba cha watoto. Ule wa zamani ulikuwa na tundu la kupita kidole. Nimepanda kivumbasi mlangoni kama alivyokuwa akifanya bibi yenu, lakini sitegemei hicho. Njooni na dawa ya kupaka yenye deet. Huko mnapata nzuri kuliko dukani kwetu. Mafuta ya jua yatangulie, ya mbu yafuate. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watoto wavae suruali na soksi hata wakilalamika joto. Na mchana pia mpake, kwani kuna mbu wa dengi anayeuma kweupe, na huyo hana habari na vidonge vya malaria.

Wakipata homa mkiwa hapa sina wasiwasi kabisa. Zahanati haiko mbali, wanatoboa kidole, robo saa majibu yametoka, kama ipo ni dawa mseto ya siku tatu, inamezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Huku hakuna mganga atakayeona homa asiwaze malaria.

Hofu yangu ni mkisharudi. Wewe umeniuliza habari za wiki mbili, mimi usingizi unanipaa kwa ajili ya miezi mitatu inayofuata. Malaria ya hatari haijitokezi kabla ya siku saba tangu mbu akuume. Watoto wanaweza kupanda ndege wakicheka, wakarudi shule, halafu wiki ya pili au ya nne homa ikaja, kipindi ambacho kule kila mtoto anakohoa, na mwalimu, jirani, hata daktari, wote wanasema mafua ya Januari. Inaweza kuchelewa hata zaidi. Hata kama mlimeza vidonge vyote bila kuruka kimoja.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na hiki nakuomba kama mama. Mkifika tu, andika karatasi ubandike kwenye friji: tarehe mliyotoka Tanzania, na maneno "Homa yoyote, pima malaria siku hiyo hiyo." Mpe na mwalimu wa watoto. Na ukienda hospitali, kabla hujasema mtoto anaumwa nini, sema kwanza mmetoka wapi. Wakikwambia subiri uone mpaka kesho, usitoke pale kabla damu haijapimwa. Lia kama inabidi.

Kaka yako anasema na yeye atakuja Desemba. Vyumba nimeshagawa, hakuna atakayelala chini ya mwembe.

Na ikitokea usiku mtoto anachemka, ukanipigia simu kwa kuchanganyikiwa, nami kwa uzee au kwa kutaka kukutuliza nikakwambia tangawizi, au nikakwambia kesho, usinijibu. Kata simu, mvalishe koti, mwende.

Wabusu wajukuu zangu. Baba yako anasema mlete na betri za ile redio yake.

Mama yako,
Pangani