Filta ya AC ya dashibodi kwenye gari la kulala: nilivyohangaika na HiAce yangu

Mkuu, umesema AC ya mbele ya HiAce uliyoigeuza kuwa gari la kulala inanuka soksi zilizolowa, na kila ukirudi safari za vumbi shuka zote zimebadilika rangi. Sasa unatafuta filta kali kuliko zote, hata ukataja HEPA, ile ya kunasa chembe ndogo kabisa. Mimi nina HiAce ya 1998, ya dizeli, nimeng'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda, kabati na jiko la gesi la plate mbili. Nimekaa nayo miaka sita hapa Arusha. Hiyo "filta kali" ndiyo iliyonipotezea miaka miwili ya kwanza, ngoja nianzie hapo.

Gari langu halikuja na filta ya kebini kabisa. Hewa inaingilia matundu ya chini ya kioo cha mbele, jirani na waipa. Ukibonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, inavutwa kutoka miguuni kwa abiria. Njia zote mbili zinakutana kwenye blowa, nyuma ya droo ya dashibodi upande wa kushoto, na blowa, yaani feni ya AC, ndiyo inayosukuma hewa ipite kwenye eveporeta, kile kipande chenye mapezi kinachopoza hewa. Eveporeta ikiwa kazini huwa imelowa, maana unyevu wa hewa unageuka matone kwenye mapezi yake. Vumbi likifika pale linanasa na kuwa tope, tope likilala na maji usiku kucha linaota ukungu. Soksi zako ndizo hizo. Vile vipulizo vya kuning'iniza kwenye kioo achana navyo, utapata soksi zenye harufu ya vanila.

Kosa langu la kwanza lilikuwa sponji ya godoro. Nilikata kipande nikakibandika juu ya matundu ya nje, nikajiona mjanja. Mvua ya kwanza kikanywa maji, vumbi likagandia juu yake, na ndani ya wiki mbili blowa ikawa inalia kama mgonjwa wa pumu. Kisha sponji ikaanza kumeguka. Vipande vyake nilivitoa ndani ya feni kimoja kimoja kwa koleo.

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilishona kitambaa cha tabaka tatu, kile cha barakoa, nikakibana kwenye mdomo wa hewa ya ndani. Kuchuja kilichuja. Ila mdomo ule ni mdogo, na kitambaa kizito kwenye mdomo mdogo maana yake hewa haipiti. Tukipanda kutoka Mto wa Mbu AC ikaacha kupoza. Nikadhani gesi imeisha, kumbe eveporeta imeganda barafu kwa kukosa hewa ya kutosha. Baada ya siku chache spidi ya kwanza hadi ya tatu za feni zikafa, ikabaki ya nne peke yake. Fundi umeme alipofungua alinionyesha rezista ya blowa, ile inayopunguza umeme kwa spidi za chini, imeungua. Ile rezista inapozwa na hewa hiyohiyo inayopita, kwa hiyo ukiibana hewa umeibana na yenyewe.

Kwa hiyo usianze na ukali wa filta, anza na upana wake. Filta ya gari iliyokunjwa kama feni ya mkono ina eneo kubwa la kuchujia ndani ya fremu ndogo, ndiyo maana hewa inapita bila blowa kuumia. Kitambaa bapa hakikupi hilo, hata ukikiita kwa jina gani.

Lakini kilichonifumbua macho hakikuwa filta. Shemeji yangu amefanya kazi ya mitambo mgodini Kanda ya Ziwa. Alipanda gari langu, akaangalia shuka, akauliza: "Ukiwa kwenye vumbi unaweka hewa ya ndani au ya nje?" Nikamjibu ya ndani, nani aweke ya nje kwenye vumbi? Akacheka. Akaniambia kebini za mitambo ya migodini zinafanywa kinyume: hewa ya nje inachujwa, inasukumwa ndani kwa nguvu, kebini inajaa kama mpira, na kwenye kila upenyo hewa inatoka badala ya kuingia. Gari lenye kisogo cha wima kama HiAce, likikimbia, nyuma yake panakuwa na mvuto. Vumbi linazunguka palepale kwenye mlango wa nyuma na kutafuta penye mpira uliolegea. Ukiweka hewa ya ndani hujaongeza chochote ndani ya gari, unazungusha ile ile, na mlango wa nyuma unavuta vumbi kama kawaida.

Tulijaribu kwa kijiti cha udi. Mtungi wa gesi tukautoa nje kwanza, tafadhali. Madirisha yote yakafungwa, blowa spidi ya juu, shemeji akapitisha udi kwenye ukingo wa mlango wa nyuma kwa ndani huku mimi naendesha taratibu kwenye barabara ya mtaani. Kwa hewa ya ndani, moshi ulisukumwa ndani pande zote mbili za chini. Kwa hewa ya nje, moshi ulitoka, isipokuwa kona moja ya kulia ambako mpira ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimelaumu AC miaka miwili kwa dhambi ya mpira wa mlango! Fanya jaribio hilo kabla hujanunua kitu chochote. Kagua pia matundu ya kutolea hewa ya nyuma: magari mengi yana vipande vya mpira vinavyofungukia nje tu, vikikakamaa au kung'oka vumbi linaingilia hapohapo.

Filta sasa. Shusha droo ya dashibodi, angalia kasha la blowa na la eveporeta. Baadhi ya magari ya Kijapani yana nafasi ya filta iliyozibwa na kifuniko cha plastiki tangu kiwandani, unakata kifuniko, unachomeka, umemaliza. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Nilinunua filta ya Toyota ndogo, ile inayoingia kwenye RAV4 na Corolla za miaka ya karibuni, kama sentimita 21 kwa 19 na unene wa 3, kwa sababu inapatikana kila duka la spea na bei yake haiumizi. Fundi wa alumini akanikunjia fremu, tukaiweka kati ya kibao cha kubadili hewa na feni. Mahali hapo inachuja hewa ya nje na ya ndani, na inailinda feni yenyewe pia. Kuzunguka fremu tulibandika sponji nyembamba yenye gundi. Usiidharau hatua hii: ukiacha upenyo wa milimita mbili pembeni, hewa itapita hapo na filta itabaki safi huku wewe ukila vumbi. Weka pia wavu wa chuma kwenye matundu ya nje kuzuia majani na panzi.

Kabla ya kufunga filta, oshesha eveporeta. Ya kwangu ilitolewa nzima. Fundi wa AC awe na mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi, siyo wa kulegeza nati gesi ikaishia hewani. Tope lililotoka lingetosha kupanda mchicha. Na bomba la kutoa maji lilikuwa limeziba, ndiyo maana zulia la upande wa abiria lilikuwa halikauki.

Jambo ambalo wenye magari ya kawaida hawalijui ni mapishi. Kama unakaanga vitunguu ndani ya gari huku blowa imewashwa kwenye hewa ya ndani, mvuke wa mafuta unakwenda kujipaka kwenye eveporeta, na vumbi linapenda mafuta. AC ya nyuma ya darini ndiyo inayoteseka zaidi, kichujio chake ni wavu tu. Mimi sasa napika mlango ukiwa wazi na AC zote zimezimwa, na wavu wa nyuma nauosha kwa sabuni kila safari. Una nyuzi za blanketi, hutaamini.

Matokeo? Nimepita kutoka geti la Lodoare la Ngorongoro hadi geti la Naabi la Serengeti na kurudi mara tatu tangu nifunge. Unaijua ile barabara: vumbi lake laini kama unga wa muhogo, udongo wa zile tambarare asili yake ni majivu ya volkano. Filta nilipoitoa ilikuwa ya kijivu, nikaigonga juu ya gazeti ikadondosha kama vijiko viwili. Dashibodi sasa naifuta mara moja kwa siku badala ya kila saa. Shuka bado zinapata vumbi kidogo, siwezi kukudanganya, ila tunalala bila kupiga chafya. Nguvu ya feni imepungua, spidi ya tatu ya sasa ni kama ya pili ya zamani.

Namna ya kuendesha: hewa ya nje, feni juu, madirisha yamefungwa. Ukikamatwa nyuma ya lori weka ya ndani dakika moja mbili, kisha rudisha ya nje. Usikae kwenye ya ndani saa nzima mkiwa watu wanne, pumzi zenu zinajaa humo na dereva anasinzia. Ukisimama, usifungue mlango papo hapo, vumbi lako mwenyewe linakufuata. Kwenye safari za vumbi igonge filta kila jioni. Usiioshe, karatasi ikilowa imekwisha.

Kuhusu HEPA uliyoitaja: ndiyo, inakamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, lakini blowa ya dashibodi haina kifua cha kuisukumia hewa, utarudi kwenye barafu na rezista. Vumbi la barabarani sehemu kubwa ni nene kuliko hapo. Ukitaka HEPA ya kulalia, tafuta kisafisha hewa kidogo cha pembeni. Filta yenye mkaa ni nzuri kwa harufu na moshi wa mjini, na mimi ndiyo ninayotumia sasa, ila hakuna filta yoyote kati ya hizi inayozuia kaboni monoksaidi. Usilale injini ikiunguruma ili AC ifanye kazi, na kama ekzosi inavuja, tengeneza hiyo kabla ya filta.

Shusha droo, upige picha ya kasha la blowa uiweke hapa. Kama lina kile kifuniko cha plastiki, huhitaji fundi wa alumini wala hela yangu niliyotupa.