Kiwanja cha ufukweni na unafuu wa kodi wa Marekani

SWALI: Nina kiwanja chenye hatimiliki ya miaka 33 huko Kayenze, nilichokinunua ili nijenge nyumba za kupangisha, na upande wake wa chini ni mafunjo na mawe hadi ziwani. Shemeji yangu anayeishi Atlanta ananiambia kwamba huko mwenye ardhi akiahidi kutoijenga hupunguziwa kodi. Yeye mwenyewe anashawishiwa kununua hisa katika shamba moja kwa ahadi kwamba kila dola atakayotoa itampa punguzo la dola nne. Je, nami naweza kufanya hivyo hapa?
Msomaji, Ilemela, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, alichokueleza shemeji yako kipo kweli, ila kina masharti mazito. Mmiliki hutia saini mkataba wa hifadhi na taasisi inayostahili au mamlaka ya serikali, akaachia haki ya kuendeleza ardhi hiyo milele, yeye na kila atakayeimiliki baada yake. Mthamini hukadiria thamani kabla na baada ya mkataba: ardhi ya dola 400,000 ikishuka hadi 250,000, zile 150,000 huhesabiwa kuwa sadaka, na hutolewa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Kwa kawaida punguzo la mwaka mmoja halizidi nusu ya mapato, na kinachobaki huweza kupelekwa mbele hadi miaka 15. Mkulima anayekidhi masharti anaweza kufikia mapato yake yote.

Hizo hisa ndizo zinazonitia wasiwasi. Wapo madalali waliokusanya wawekezaji, wakapandisha thamani ya ardhi kwa makadirio ya ajabu, kisha wakagawana punguzo, hata idara ya kodi ya huko, IRS, ikaanza kuwafuatilia. Sheria iliyopitishwa Desemba 2022 inalikataa punguzo la ubia wa namna hiyo likizidi mara mbili na nusu ya kile wabia walichowekeza, isipokuwa katika hali chache kama ubia wa kifamilia au ardhi iliyoshikiliwa kwa miaka mitatu. Dola nne kwa moja zimeshavuka mstari, na shemeji yako asisaini kabla ya kumwona mtaalamu wa kodi asiyelipwa na muuzaji.

Kwako Kayenze, kikwazo kinaanzia kwenye hati yenyewe. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, nawe umepewa haki ya kuimiliki kwa miaka 33. Huwezi kutoa milele kitu ulichopewa kwa muda. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa itolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi, tena kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara, lakini ahadi ya kutojenga haina punguzo lake. Pango la ardhi utaendelea kulilipa, na kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU, haikuhusu mpaka ujenge.

Tena hayo mafunjo huenda hata si yako kuyatoa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kabla ya kumlipa mchora ramani, chukua futi kamba, pima kutoka ukingo wa maji hadi bikoni (jiwe la mpaka) ya chini, ukikumbuka maji yalivyopanda mwaka 2020, kisha mwombe afisa ardhi wa manispaa akuthibitishie ni sehemu ipi inayojengeka.