Maswali ya Wasomaji: Je, Seli Uaji Ndizo Zinazonila Vidole?

SWALI: Mhariri, salamu. Nina umri wa miaka 46, na huu ni mwaka wa nne naugua baridi yabisi ya viungo. Hospitalini niliambiwa kwamba kinga ya mwili wangu inanishambulia mwenyewe. Mwanangu aliye kidato cha sita ananieleza kuwa mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kuua tu. Je, ndizo zinazonila vidole? Na kama ndizo, mbona sipewi dawa ya kuziangamiza?
Mama J., Tanga

JIBU: Mwanao amekueleza kweli, Mama J., ila katika ugonjwa wako jina la seli hizo linapotosha kidogo. Seli uaji kuu ni za namna mbili: seli T, aina ya seli nyeupe za damu, zenye alama ya CD8, ambazo kila moja humtambua adui wake mahususi, na seli uaji asilia, yaani NK, ambazo hazingoji kufundishwa. Zote hubeba vifuko vya protini. Perforini hutoboa ukuta wa seli iliyoambukizwa virusi au iliyogeuka saratani, kisha granzaimi hupenya tunduni na kuifanya seli hiyo ijiue.

Kwa wenye baridi yabisi, seli hizi hujazana katika utando laini wa ndani ya kiungo, na ni rahisi kudhani kwamba zimefuata kuua. Hata hivyo, uchunguzi wa utando huo uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa seli T nyingi za CD8 zilizomo hubeba granzaimi K, na hizo ni wauaji dhaifu lakini wapiga mbiu hodari, kwa kuwa humwaga interferoni gama na TNF, kemikali zinazoita seli nyingine na kuuchochea uvimbe. Wanaoula mfupa wenyewe ni osteoklasti, seli ambazo siku zote huvunja mfupa mkuukuu ili ujengwe upya, na ambazo uvimbe huzifanya zipitilize; gegedu nayo huyeyushwa na vimeng'enya vya utando uliovimba. (Umande na upepo wa bahari, wanavyodai majirani, havimo.)

Sisemi kwamba seli uaji hazina hatia. Perforini ikizitoboa neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, kalsiamu huingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyobadilisha protini za seli hizo, nazo protini zilizobadilishwa namna hiyo ndizo zinazolengwa na kingamwili zinazotafutwa katika anti-CCP, kipimo cha damu cha ugonjwa huu.

Kuziangamiza seli uaji, basi, kungezima mbiu kwa gharama ya kukuacha bila askari dhidi ya virusi na saratani. Ndiyo maana tiba huanza na methotreksati, dawa ya kuituliza kinga, inayomezwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku; isipotosha, huongezwa dawa zinazolenga sehemu moja ya mnyororo, kama vile zinazoizuia TNF, au abatasepti, inayozuia seli T zisiamshwe. Kabla ya dawa za kuzuia TNF ni lazima upimwe kifua kikuu, kwa sababu TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuvifungia vijidudu vyake mapafuni. Na ukipewa tofasitinibu, inayozima ishara za interferoni ndani ya seli, kisha ukaona malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, huo huenda ni mkanda wa jeshi: rudi kliniki siku hiyohiyo.